Dawa Ilipofika Ubongoni: Historia ya Madhara ya Tibakemikali kwenye Neva za Wagonjwa wa Lukemia

Lukemia, yaani saratani inayoanzia kwenye uboho ulio ndani ya mifupa na kuijaza damu chembe nyeupe zisizokomaa, ilikuwa hadi mwaka 1947 ugonjwa usio na dawa, na mtoto aliyekutwa na aina inayowapata zaidi watoto, ile iitwayo lukemia kali ya limfoblasti, kwa kawaida alifariki katika muda wa wiki au miezi michache. Leo, katika nchi zenye hospitali zilizokamilika, watoto tisa hivi kati ya kumi wenye aina hiyo hupona. Badiliko hilo limeandikwa mara nyingi kama habari ya ushindi, na ni haki liandikwe hivyo; lakini ndani yake imo historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni historia ya ubongo, ugwe mgongo na neva zinazotoka humo kwenda mikononi na miguuni. Dawa zilizoua seli za saratani ziliwagusa wagonjwa hata katika viungo hivyo, na madhara yake yalichelewa kutambuliwa kwa sababu nzito kuliko uzembe: ilibidi kwanza wagonjwa waishi miaka ya kutosha, ndipo ijulikane walikuwa wanaishi na nini.

Tibakemikali ni matibabu yanayotumia kemikali za kuua seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa kuwa seli za neva za mtu aliyekwisha kuzaliwa kwa sehemu kubwa hazigawanyiki, mtu angetazamia kwamba ubongo ungesalimika huku uboho, utumbo na mizizi ya nywele ikiathirika. Haikuwa hivyo, na sababu moja ilikuwamo tangu dawa ya kwanza kabisa. Sidney Farber, mwanapatholojia wa Hospitali ya Watoto ya Boston, alikuwa ameona kwamba vitamini ya jamii ya foleti, ambayo huponya aina fulani za upungufu wa damu, ilielekea kuichochea lukemia badala ya kuituliza. Akafikiri kwamba kemikali inayofanana na foleti kwa umbo lakini isiyofanya kazi yake ingeweza kuzinyima seli za saratani kitu kinachohitajika ili zijigawe. Kemikali hiyo, aminopterini, ilitengenezwa na kundi la Yellapragada Subbarow, mwanakemia mzaliwa wa India aliyeongoza utafiti katika maabara za kampuni ya Lederle. Tarehe 3 Juni 1948 Farber na wenzake walichapisha taarifa ya watoto 16 waliokuwa hoi, na 10 kati yao walipata nafuu iliyoonekana wazi, ingawa kwa muda tu. Foleti, hata hivyo, si chakula cha saratani peke yake, kwani ubongo nao huihitaji kila siku ili utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva udumishwe na kemikali za kupeleka ujumbe zitengenezwe, na kwa hiyo silaha iliyobuniwa dhidi ya foleti ilikuwa na uwezo wa kuudhuru ubongo tangu siku ilipotoka maabara.

Wakati huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa watoto hawakuishi muda wa kulionyesha. Aminopterini ilifuatwa na ndugu yake methotreksati, ambayo ilikuwa rahisi zaidi kuipima na kuidhibiti; mwaka 1953 ikaidhinishwa merkaptopurini, matunda ya kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings; mwaka 1963 ikaidhinishwa vinkristini, iliyokuwa tayari ikijaribiwa kwa wagonjwa. Mwaka 1962, katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani iliyoko Bethesda, Emil Frei, Emil Freireich na wenzao walianza kuzitoa dawa nne kwa pamoja, yaani vinkristini, methotreksati, merkaptopurini na prednisoni, ambayo ni dawa ya jamii ya homoni za steroidi. Uboho wa watoto wengi ulisafika kabisa, wakarudi nyumbani wakicheza. Kisha baadhi yao wakaanza kurejeshwa hospitalini wakiumwa kichwa na kutapika asubuhi, macho yakiwa yamepinda au upande mmoja wa uso umelegea, ilhali damu yao na uboho wao havikuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa.

Saratani ilikuwa imejificha katika utando unaouzunguka ubongo na ugwe mgongo, na katika maji yanayopita kati ya tabaka za utando huo, ambayo wengi huyaita maji ya uti wa mgongo. Kwa nini ilijificha humo, jambo hilo lilikuwa na maelezo tayari katika majaribio yaliyofanywa miongo mingi kabla. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, daktari Mjerumani, alidunga rangi katika damu ya wanyama na kuona viungo karibu vyote vikipakwa rangi isipokuwa ubongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann aligeuza jaribio hilo, akaidunga rangi katika maji ya ubongo na kuona ubongo ukipakwa rangi ilhali mwili uliobaki haukuguswa. Kati ya damu na ubongo, basi, kipo kizuizi, kinachotokana na mishipa myembamba ya ubongo ambayo seli za kuta zake zimeshikamana bila nafasi, na kizuizi hicho huzuia sumu nyingi pamoja na dawa nyingi. Dawa zilizomezwa au kudungwa mshipani ziliisafisha damu na kuziacha seli chache nyuma ya kizuizi, ambako ziliongezeka kwa utulivu. Kadiri dawa za damu zilivyoboreka, ndivyo ugonjwa wa ubongoni ulivyoongezeka, hata ikafika mahali ambapo zaidi ya nusu ya watoto waliopata nafuu walikuwa wakirudiwa na lukemia katika utando wa ubongo.

Jibu lilikuwa kuipeleka dawa nyuma ya kizuizi kwa makusudi. Sindano ndefu huingizwa kati ya pingili za chini za mgongo, maji kidogo hutolewa, na methotreksati hudungwa mahali pake. Njia hiyo ilianza kutumika katika miaka ya 1950 kwa wale ambao tayari walikuwa na seli za saratani katika maji ya mgongo, lakini aliyeigeuza kuwa kinga kabla ugonjwa haujaonekana alikuwa Donald Pinkel, mkurugenzi wa kwanza wa hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa Memphis, Tennessee, mwaka 1962. Pinkel alikataa msimamo wa kumrefushia mtoto maisha kwa miezi tu, akaweka lengo la kuponya, neno ambalo madaktari wengi wa wakati wake waliona si uungwana kulitamka mbele ya wazazi wa mtoto mwenye lukemia. Yeye na wenzake, wakiwamo Rhomes Aur na Joseph Simone, walijaribu kwanza kuumulika ubongo na mgongo kwa mionzi kidogo, na ilipoonekana haitoshi wakaongeza. Katika jaribio lao la tano, lililoanza mwishoni mwa 1967, kila mtoto aliyepata nafuu alipigwa mionzi ya kichwa ya kipimo cha grei 24, grei ikiwa kizio cha nishati ya mionzi inayobaki katika mwili, pamoja na sindano za methotreksati mgongoni. Karibu nusu ya watoto hao walipona na hawakurudiwa tena na ugonjwa. Kabla ya hapo hakukuwa na mahali popote duniani ambapo daktari angeweza kusema maneno kama hayo.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na kazi hiyo. Limfoma ya Burkitt, saratani ya taya na tumbo iliyoelezwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958, ni ndugu wa karibu wa lukemia kali ya limfoblasti kwa kuwa zote mbili huzaliwa na seli za jamii ya limfu, na ilikuwa mojawapo ya saratani za kwanza kuonyesha kwamba dawa peke yake zaweza kuuyeyusha uvimbe. Mwaka 1963 Herbert Oettgen, Burkitt na Joseph Burchenal walichapisha matokeo ya watoto wa Kiafrika waliotibiwa kwa methotreksati. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilikumbana na tatizo lilelile la Memphis: watoto waliokuwa wamepona uvimbe wa taya walirudi wakiwa na nusu ya uso iliyopooza au miguu isiyobeba mwili, kwa sababu seli zilikuwa zimehamia katika utando wa ubongo na mgongo. John Ziegler na Avrum Bluming waliandika mwaka 1971 kuhusu dawa walizodunga katika maji ya mgongo ya wagonjwa hao. Inafaa jambo hili likumbukwe, maana historia ya saratani huandikwa kana kwamba kila hatua ilipigwa Marekani na Ulaya kisha ikaletwa huku, ilhali baadhi ya hatua zilipigwa Mulago, juu ya vitanda vya watoto wa Uganda.

Madhara yalianza kuandikwa mara tu baada ya ushindi. Mwaka 1972 H. E. M. Kay na wenzake wa London walieleza habari za watoto wenye lukemia waliokuwa wakitumia methotreksati kwa muda mrefu, ambao walianza kuchanganyikiwa, kutetemeka, kuyumba walipotembea na kusinzia kupita kiasi. Mwaka uliofuata madaktari wengine wa Uingereza walieleza usingizi mzito uliowashika watoto majuma machache baada ya mionzi ya kichwa, usingizi uliodumu siku kadhaa kisha ukaisha wenyewe. Wapo waliopooza miguu baada ya sindano ya mgongo, na uchunguzi ukaelekeza lawama si kwa methotreksati tu bali pia kwa vihifadhi vilivyotiwa ndani ya chupa ili dawa isiharibike. Ndiyo sababu dawa inayodungwa mgongoni leo ni lazima iwe ile isiyo na kihifadhi chochote, na kosa la kuchukua chupa isiyo sahihi kabatini laweza kumgharimu mgonjwa miguu yake.

Kazi iliyotia hofu kuliko zote ilitoka Memphis kwenyewe. Price na Jamieson, wakichunguza mwaka 1975 ubongo wa watoto waliofariki, walikuta katika baadhi yao sehemu nyeupe ya ubongo, yaani ile iliyojaa nyuzi za neva zilizofunikwa kwa utando wa mafuta, imekufa vipande vipande. Hali hiyo iliitwa lukoensefalopathi, na watoto walioipata walipoteza kwanza uchangamfu, kisha usemi, kisha uwezo wa kutembea, wengine wakashikwa na degedege na kufariki ilhali saratani haimo mwilini mwao. Iliwapata wale waliopigwa mionzi ya kipimo kikubwa, kisha wakaendelea kupewa methotreksati mshipani. Mionzi ilikuwa imekilegeza kizuizi kati ya damu na ubongo, na dawa ambayo awali isingepita kwa wingi sasa ikapita. Mpangilio wa matibabu, yaani kipi kitangulie na kipi kifuate, ulikuwa na uzito uleule wa kipimo chenyewe, na somo hilo lilinunuliwa kwa bei ya juu mno.

Jambo jingine lililochelewa kuonekana lilihusu hesabu. Dawa karibu zote za saratani hupimwa kwa eneo la ngozi ya mgonjwa, kipimo kinachokadiriwa kwa urefu na uzito, na methotreksati ya mgongoni nayo ilipimwa hivyo, mpaka Archie Bleyer alipoonyesha katika miaka ya 1970 kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ya msingi. Maji ya uti wa mgongo ya mtoto hukaribia wingi wa maji ya mtu mzima afikapo umri wa miaka mitatu hivi, ilhali mwili wake unaendelea kukua kwa miaka kumi na zaidi. Kwa hiyo kijana na mtu mzima, wenye miili mikubwa, walikuwa wakipewa dawa nyingi kupita kiasi na kudhurika, na mtoto mchanga alikuwa akipewa kidogo kuliko inavyotosha na kurudiwa na ugonjwa. Bleyer alipendekeza kipimo kifuate umri: miligramu 6 kwa asiyefikisha mwaka, 8 kwa wa mwaka mmoja, 10 kwa wa miaka miwili, na 12 kuanzia miaka mitatu kwenda juu. Madhara yakapungua na kinga ikaimarika kwa wakati mmoja, bila dawa mpya wala mashine mpya, kwa sababu tu mtu alikaa akafikiri kuhusu mahali dawa inapokwenda. Katika historia yote hii hakuna hatua inayostahili heshima kuliko hiyo.

Kisha ilikuja mashine ya kuuona ubongo wa mtu aliye hai. Mashine ya sitiskani, inayounganisha picha nyingi za eksirei ili kutoa mwonekano wa vipande vya ndani ya mwili, ilitumiwa kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Mwaka 1978 madaktari wa Bethesda walipowapiga picha watoto waliokwisha kupata mionzi na sindano za kinga, ambao hawakuwa na lalamiko lolote, waliona kasoro katika ubongo wa zaidi ya nusu yao: nafasi za maji zimepanuka, chokaa imejikusanya mahali pasipostahili, sehemu nyeupe imepungua uzito. Mwaka 1981 Anna Meadows na wenzake wa Philadelphia walionyesha kwamba alama za vipimo vya akili za watoto kama hao zilishuka kadiri miaka ilivyopita, hasa kwa wale waliotibiwa wakiwa wadogo sana. Tatizo halikuwa kusahau waliyojifunza. Lilikuwa wepesi wa kujifunza mapya: umakini uliokatika upesi, mkono ulioandika polepole, hesabu zilizohitaji kushika namba mbili kichwani na kuzisogeza. Mwalimu aliona mtoto mvivu, mzazi aliona mtoto aliyeponyeka kifo na ambaye haikufaa kusumbuliwa, na daktari aliona damu safi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amesema uongo, lakini mtoto alibaki bila msaada.

Hapa ndipo ilipo hoja ngumu ya historia hii. Katika mwaka 1967 kumpiga mtoto mionzi ya kichwa kulikuwa uamuzi sahihi, kwa maana njia mbadala ilikuwa kaburi, na anayewalaumu waliofanya hivyo hajafikiria vya kutosha kilichokuwa mbele yao. Kosa lilikuja baadaye, pale mafanikio yalipoendelea kupimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani mgonjwa yu hai baada ya miaka mitano au la, hata baada ya kudhihirika kwamba wengi wangekuwa hai. Ushahidi ulikuwapo kufikia 1981. Mionzi ilipunguzwa hadi grei 18, lakini miaka mingi ilipita kabla ya kuachwa. Mwaka 1991 Joseph Neglia na wenzake, waliofuatilia maelfu ya watoto waliotibiwa lukemia nchini Marekani, walitangaza kwamba uvimbe mpya wa ubongo ulikuwa umewapata baadhi yao, na kwamba wote waliopata uvimbe huo walikuwa wamepigwa mionzi ya kichwa. Mwaka 2009 Ching-Hon Pui na wenzake wa St. Jude, hospitali ileile iliyoianzisha mionzi hiyo, walitoa matokeo ya watoto 498 ambao hakuna hata mmoja aliyepewa mionzi ya kinga: zaidi ya asilimia 93 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na ni wachache sana waliorudiwa na ugonjwa ubongoni.

Kuiacha mionzi, hata hivyo, kuliurudisha mzigo wote kwa dawa. Sindano za mgongoni ziliongezwa, na methotreksati ikatolewa mshipani kwa vipimo vikubwa mno, vinavyosukuma kiasi cha dawa kuvuka kizuizi cha ubongo, kisha mgonjwa akaokolewa kwa asidi ya foliniki, aina ya foleti inayozirudishia seli za kawaida kile zilichonyang'anywa. Kati ya siku ya pili na wiki ya pili hivi baada ya sindano ya mgongoni, wagonjwa wachache hupata hali inayofanana na kiharusi: mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, maneno hukwama, na udhaifu waweza kuhama upande hadi upande katika saa chache. Jambo la kushukuru ni kwamba wengi wao hurudi katika hali yao ya kawaida, na wengi huendelea na matibabu. Lakini familia isiyoelezwa mapema huamini kwamba mtoto amerogwa au kwamba hospitali imemdunga sumu. Chanzo chake kinahusishwa na ile foleti ya mwanzo, kwani inapozuiwa, kemikali iitwayo homosisteini hujilimbikiza na kuzisisimua seli za neva kupita zinavyoweza kustahimili.

Vinkristini ina historia yake, nayo inaanza karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Hutolewa katika ua la asili ya Madagaska, lenye petali tano za waridi au nyeupe, linalopandwa katika bustani nyingi za nchi za joto na kutumiwa na waganga wa nchi mbalimbali kama dawa ya kisukari. Katika miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer, wa mji wa London ulioko Kanada, walilichunguza kwa sababu ya majani yaliyotumwa kutoka Jamaika. Sukari ya wanyama wa maabara haikushuka, lakini chembe zao nyeupe za damu zilipungua kwa kiasi cha kushangaza. Wanakemia wa kampuni ya Eli Lilly, wakiongozwa na Gordon Svoboda, walifikia mmea huohuo kwa njia yao wenyewe na kuipata vinkristini. Dawa hii huzuia seli kujigawa kwa kuvunja vijineli vinavyoipanga mitambo ya ndani ya seli, na vijineli vya aina hiyohiyo ndivyo vinavyosafirisha chakula kutoka mwili wa seli ya neva hadi ncha ya uzi wake. Uzi wa neva unaofika kwenye kidole cha mguu ni mrefu kuliko mwingine wowote mwilini, na ndiyo sababu madhara huanzia miguuni: kwanza kisigino hakirushi tena mguu kikigongwa kwa nyundo ya daktari, kisha ganzi na kuchomachoma, kisha unyayo unaoburuta. Taya huuma, sauti hukauka, na tumbo hufunga choo hata pengine utumbo kusimama kabisa. Kwa kuyahofia hayo madaktari waliweka desturi ya kutozidisha miligramu 2 kwa sindano moja, hata mgonjwa awe na mwili mkubwa kiasi gani.

Vinkristini ni dawa ya mshipani tu. Ikidungwa kwa makosa katika maji ya mgongo hupanda taratibu ikiua neva kuanzia miguuni hadi kwenye pumzi, na karibu kila aliyepatwa na kosa hilo amefariki. Taarifa za ajali ya namna hiyo zilianza kuchapishwa mwaka 1968, na ziliendelea kutokea kwa sababu siku ya matibabu mgonjwa huwa na mabomba mawili ya sindano, moja la mgongoni na moja la mshipani, yanayofanana. Mwaka 2001 nchini Uingereza kijana wa miaka 18, ambaye lukemia yake ilikuwa imetulia, alifariki kwa njia hiyo, na uchunguzi uliofanywa na Brian Toft ulionyesha kwamba si mtu mmoja aliyekosea bali mlolongo mzima wa taratibu ulikuwa na matundu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba vinkristini ichanganywe katika mfuko mdogo wa maji na kutundikwa kama dripu, isitiwe kamwe katika bomba la sindano, kwa kuwa mfuko hauwezi kuunganishwa kirahisi na sindano ya mgongoni. Mwaka huohuo, nchini China, methotreksati na sitarabini, dawa nyingine ya lukemia, zilizotoka katika kiwanda kimoja cha Shanghai ziligunduliwa kuwa zimechanganyika na vinkristini wakati wa kutengenezwa, na zaidi ya wagonjwa 100 wa lukemia waliodungwa mgongoni walidhoofika miguu.

Sitarabini yenyewe, mojawapo ya dawa kuu za lukemia kali ya watu wazima, ilipoanza kutolewa kwa vipimo vikubwa mwishoni mwa miaka ya 1970 iligunduliwa kuwa yaweza kuharibu serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayosawazisha miendo, na wazee pamoja na wenye figo dhaifu ndio walio hatarini zaidi. Wauguzi wakajifunza kumwomba mgonjwa atie saini yake kabla ya kila dozi, kwa maana mwandiko huyumba mapema kuliko hatua. Fludarabini, nayo dawa ya lukemia, ilipojaribiwa kwa vipimo vikubwa katika miaka ya 1980, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa na kuwaua wengine majuma kadhaa baada ya dozi ya mwisho, ikabidi kipimo kipunguzwe sana kabla ya kuidhinishwa mwaka 1991. Asparaginasi, dawa nyingine ya lukemia, huweza kugandisha damu katika mishipa mikubwa inayotoa damu ubongoni.

Mojawapo ya maswali muhimu ya sasa limeulizwa Eldoret. Katika hospitali ya rufaa ya Moi, inayoshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana, Jodi Skiles na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watoto wa Kenya wenye saratani waliotibiwa kwa vinkristini, na wakakuta madhara ya neva ni machache kuliko yale yanayozoeleka kwa watoto wa Kizungu wa Marekani. Idadi kubwa ya watoto hao wa Kenya walikuwa na urithi unaofanya ini litoe kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP3A5, ambacho huivunja vinkristini na kuiondoa mwilini upesi. Ugunduzi huo una pande mbili: unafariji, kwa kuwa miguu ya watoto hao haikudhurika sana, na unatia shaka, kwa kuwa dawa inayotoka upesi huenda haikai muda wa kutosha kuiua saratani, na kipimo kilichopangwa kwa kuwatazama watoto wa Ulaya na Marekani chaweza kuwa kidogo mno kwa mtoto wa Uasin Gishu au wa Mwanza.

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kumbukumbu, na kumbukumbu za neva ndizo zinazokosekana zaidi katika majalada ya wagonjwa wetu, ambayo hujaa hesabu za damu na kunyamaza kuhusu mikono, miguu na shule. Kinachohitajika si mashine ya gharama: nyundo ya kugongea kisigino, kumwagiza mtoto atembee kwa visigino, karatasi ya kuandikia jina lake, na swali kwa mzazi na mwalimu kuhusu masomo. Madaktari na wauguzi wa wodi za saratani za Kampala, Eldoret, Nairobi na Dar es Salaam wayaandike hayo tangu siku ya kwanza ya matibabu, na waendelee kuyaandika miaka baada ya sindano ya mwisho.